Kalamu, Karamu na Nyapara wa Kompyuta

Nimemwomba shangazi yako Rispa msamaha. Leo, saa nne asubuhi, pale kwenye mashine ya kusaga mahindi, mbele ya wanawake saba na madebe yao. Mimi, mama yako. Yule ambaye baba yako husema alizaliwa neno "samahani" likiwa limeshaisha.

Sasa ndiyo nikusalimu. Mulembe, Nafula mwanangu. Nimeanza na habari kwa sababu nakujua: ukiona "natumaini u mzima kama mimi" unaruka mistari mitatu, na hii haitaki kurukwa. Barua nitaitia ndani ya kifuko cha kompyuta yako, mahali ambapo utafungua kabla hata ya kufungua chakula. Jioni hii uko Khwisero kumuaga kukhu yako, na najua mama yangu anakulisha mpaka ushindwe kutembea, kwa hiyo nimeipata meza peke yangu.

Sitaandika habari ya sweta, wala maji ya kuchemsha, wala watu wa kujihadhari nao. Mama Brayo hapa jirani alimwandikia mwanawe barua ya kurasa nne, tatu zikiwa za soksi, na kijana akarudi baada ya wiki mbili, soksi zote kamili, kazi hakuna. Wewe una miaka ishirini na nne. Kama hujui kuvaa, mimi ndiye nilishindwa, na mimi sishindwangi.

Huyo huyo Mama Brayo aliniuliza juzi kwa sauti ya kunihurumia, eti ni kweli unaenda Nairobi kuchunga roboti? Nikamuuliza wake anachunga nini. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu mwema, nikamweleza. Nikamwambia siku hizi kuna programu zinazotumwa kazi kama mtu: soma barua hizi, zijibu, zipange, agiza kinachokosekana. Inakwenda peke yake, haina mtu kando. Wanaiita wakala. Ofisi moja inaweza kuwa na mawakala mia, na mia wakikosea pamoja ni maafa, kwa hiyo wameunda programu nyingine za kuwasimamia hao: kugawa kazi, kuona nani anafanya nini, kuandika kila hatua, kuwasimamisha wakipotea njia. Na hizo za kusimamia nazo zimejaa sokoni, kila moja inajisifu kuliko bwana harusi. Nafula wangu ndiye anayezijaribu moja moja, anaandika zinavyotumika, na anasema ipi inafaa na ipi ni takataka. Mama Brayo akafikiri, akasema, "Kumbe ni nyapara wa manyapara." Tangu aolewe hapa Matungu hajawahi kusema jambo la maana kama hilo. Nimelichukua, sasa ninalitumia kanisani kama langu.

Lakini nikuambie nilivyoziona hizo programu zako, maana wiki tatu umekaa nazo kwenye meza hii na mimi nikipita nyuma yako na sufuria nikijifanya sioni. Nimeona. Shule yangu iliishia darasa la nane, sawa. Ila nimekuwa nyapara wa wakata miwa misimu tisa, mwanamke wa kwanza upande huu wa mto, na hakuna mtu wa viatu vyeupe huko mjini atakayenidanganya juu ya unyapara.

Ile ya kwanza niliiita Bi Harusi. Rangi tele, michoro, maduara yanayozunguka, na ukiiuliza wakala wa pili ameshinda akifanya nini inakuonyesha duara lingine. Ya pili niliiita Karani. Hiyo inaandika kila kitu, wakala hata akipiga chafya inaandika, mpaka ukitaka kujua kosa lilianzia wapi unachimbua kama mtu aliyeangusha pete shambani. Uliandika juu yake, "Kumbukumbu zipo, ila hazisomeki," na mimi nilicheka chai ikaniingia puani. Mtu wangu huyo, nilijiambia. Amemaliza kazi kwa maneno manne.

Halafu ile ya tatu. Hiyo ndiyo niliidharau mpaka nikaizoea, kama mtu anavyomzoea shemeji mlevi. Mwongozo wake ulisema inakupa udhibiti kamili. Udhibiti kamili! Nimewasimamia wanaume ishirini wenye mapanga, na sikuwahi kudai udhibiti kamili hata wa panga langu mwenyewe.

Uliipa mawakala watatu na kazi ya mfano: barua za wakulima ambao hawako duniani, uliowatunga wewe, mmoja ukambandika jina la baba yako na malalamiko ya baba yako vilevile. Wajibu barua, wazipange, wafute zilizojirudia. Kazi ilipopamba moto ukabonyeza kitufe cha kusimamisha. Kioo kikawa chekundu, kikatangaza mawakala wote wamesimama. Mtu mwingine angesema asante. Wewe ukaenda mlango wa nyuma, ukafungua sanduku la barua lenyewe, ukamkuta wakala mmoja angali anajibu watu. Ukahesabu majibu kumi na moja. Kumi na moja, baada ya nyapara kuapa kwamba watu wote wameketi chini. Ukarudia jaribio mara nne, na mara tatu ikawa hivyo hivyo. Kurudia mara nne umetoa kwangu. Baba yako hawezi kurudia hata wimbo.

Kwenye miwa, nyapara hapimwi kwa kuanzisha watu kazi. Kuamsha watu hata jogoo anaweza. Anapimwa siku moto umeruka mtaro, akasema basi, tukaona kama panga la mwisho kabisa litasimama. Nyapara anayesema "wamesimama" bila kwenda kuangalia tulikuwa tunamfukuza siku hiyo hiyo, na sahani yake ya bati tunamrushia barabarani.

Kwa hiyo ukaandika sentensi yako. Naijua kwa moyo: "Programu hii hutangaza kwamba mawakala wote wamesimama hata pale ambapo mmoja wao angali kazini." Nzuri. Haina matusi, haina mapambo. Mimi ningeweka matusi.

Na jana ndiyo akapiga simu yule meneja wako mpya. Uliweka sauti ya nje kwa kuwa mikono yako ilikuwa na unga, na mimi nilikuwa nachambua mboga hatua tatu kutoka hapo, kwa hiyo usiseme nilidukiza. Nimempa jina Bwana Kidogo. Alikusifu kidogo. Akasema waliotengeneza ile programu ya tatu ni marafiki wa ofisi, wanaelewana vizuri. Sasa ile sentensi, kama ungeilainisha kidogo. Useme kwamba kusimama huweza kuchelewa kidogo. Mtu anapoanza kazi ni vyema aonyeshe anaweza kushirikiana kidogo. Mwanamume mzima, shahada zake zimejaa ukutani, anatetemekea sentensi ya maneno kumi na manne. Ningekuwa na yeye shambani ningempa kazi ya kubeba maji, na bado ningemtuma mtu akaangalie kama ni maji kweli.

Hujui ulivyoonekana ulipokata simu. Uliniambia, "Ni sentensi moja tu, Mama. Nikaianze kazi kwa vita?" Mimi nikanyamaza, nikaendelea na mboga. Ulidhani sina la kusema. Nafula, mimi? Nilinyamaza kwa sababu kama ningefungua mdomo ningekuambia simama imara, sema ukweli, maneno ambayo hata mchungaji anayasema huku anatazama saa. Na sikuwa na haki ya kuyasema. Mimi mwenyewe kuna sentensi yangu niliyoifuta, na haikuwa hata sentensi, ilikuwa herufi moja.

Unakumbuka siku ya karamu. Kila mtu anaikumbuka, ni kichekesho cha kijiji. Ulikuwa darasa la nane, mtihani wa majaribio, siku ya insha. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa wazazi, tena mwenyekiti wa kusikika, na wazazi tulikuwa tumeahidi kununua kalamu za watoto arobaini. Kazi hiyo nikampa Rispa, dada ya baba yako, kwa sababu yeye ukimtuma hachoki. Simu yake ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nikachana karatasi ya daftari lako nikamwandikia.

Yote unayoyajua ni ile hadithi ya kuchekesha. Kwamba Jumatatu asubuhi, watoto wameketi, karatasi zimegawanywa, Shangazi Rispa akaingia getini na wanawake wawili nyuma yake, na badala ya kalamu wamebeba kuku sita waliopikwa, ugali wetu wa obusuma kwenye vikapu, na mchuzi unaomwagika njiani. Kwamba niliandika kalamu, yeye akasoma karamu, kwa sababu hajui kusoma vizuri. Kwamba mlianza insha mmechelewa, mkipokezana kalamu za walimu, na mchana mkala kuku kuliko watoto wa mbunge. Miaka kumi sasa anaitwa Shangazi Karamu. Wewe pia unamwita hivyo. Mimi ndiye niliyekufundisha.

Nafula, niliandika karamu.

Sisi watu wa hapa, r na l ni kama mapacha, ukimwita mmoja anaitika mwingine. Mdomoni hakuna shida, kila mtu anakusikia. Kwenye karatasi ni jambo lingine. "Andaa karamu za watoto arobaini wa mtihani. Usichelewe." Hivyo ndivyo ilivyosema, kwa mwandiko wangu ambao nilikuwa nausifia kila mahali. Na kupika halikuwa jambo la ajabu, kila mwaka tulikuwa tunawapikia watahiniwa siku ya maombi. Yeye alichinja kuku wake mwenyewe. Kuku wa kutaga.

Mwalimu mkuu alipouliza kalamu ziko wapi, Rispa hakubishana. Aliingiza mkono kifuani akatoa ile karatasi ili amwonyeshe. Nikaiona r yangu kutoka mbali, imesimama wima kama mtu asiye na aibu. Nikamwambia lete hiyo. Akaniletea, kwa kuwa Rispa ukimwambia lete analeta. Nikaikunja ndani ya ngumi, nikasema mbele ya walimu na wazazi wote, "Niliandika kalamu. Mtu ambaye hajui kusoma aseme mapema, tusiaibishwe." Watu wakacheka. Nikaenda jikoni mwa shule, nikaisukuma karatasi chini ya sufuria ya chai, ikashika moto. Nilipogeuka Rispa alikuwa mlangoni. Aliutazama moto, akanitazama, akaenda kugawa obusuma.

Baba yako aliniuliza mara moja tu, wiki hiyo. "Lakini wewe, uliandika nini hasa?" Nikamjibu kwa ukali mpaka akaenda kulisha ng'ombe ambaye alikuwa ameshalishwa.

Na unajua nilifanya nini baadaye? Nilimdharau. Ndiyo, yeye. Mtu ukimkosea na asikujibu, ni rahisi sana kumdharau. Nilikuwa nasema, hata kama karatasi ilikuwa na kasoro, mtu mwenye akili angeuliza. Angesema, mwenyekiti, karamu asubuhi ya mtihani? Ng'ombe wa kulima ndiye asiyeuliza. Nimeyasema hayo miaka kumi, sokoni, kwenye chama, kitandani, nikayaamini.

Sasa njoo kwenye meza hii, wiki iliyopita. Ulikuwa unaijaribu programu ile ya nne, ambayo sikuipa jina. Ukampa wakala amri yenye maana mbili kwa makusudi, uone atafanya nini. Ukaniambia, bila hata kugeuka, kwamba unachopima si wakala peke yake. Unapima kama nyapara amemwachia njia ya kuuliza. Ukaandika: "Wakala hana njia ya kuuliza, kwa hiyo hukisia." Mimi nilikuwa nyuma yako na sufuria ya maharagwe. Niliiweka chini.

Maana nilikumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekitupa. Wiki moja kabla ya ile karatasi, Rispa alikuja kuniuliza kuhusu viti vya mkutano wa wazazi, viwe vingapi na vitoke wapi. Swali la kawaida. Nilikuwa na wageni na nilitaka kuonekana. Nikamwambia, "Rispa, wewe ni wa kufanya, si wa kuuliza." Wageni wakacheka.

Na kwenye orodha yako ya maswali, lile la saba, unauliza: je, msimamizi anaweza kufuta kumbukumbu ya kosa lake mwenyewe? Nilitaka kukuambia, andika ndiyo. Yule niliyemjua mimi aliweza, na hakuhitaji hata kiberiti, moto wa chai ulikuwa tayari.

Ndiyo maana leo asubuhi, ulipoondoka kwenda Khwisero, nikachukua debe nikaenda kusaga mahindi ambayo hatukuhitaji kusaga. Najua Rispa huenda Ijumaa. Nilitaka kumvuta kando. Nimemkuta kwenye foleni, katikati ya watu, na nikajua nikimvuta kando nitakuwa nimelainisha kidogo, kama yule bwana wako. Nikasimama palepale. Nikamwambia siku ile niliandika karamu, nikaichoma karatasi, na sijawahi kumwambia mtu.

Mashine ilikuwa inanguruma. Rispa akaweka debe lake chini. Akasema, "Najua. Niliisoma mara tatu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Ningekuja kukuuliza," akasema, "lakini mimi ni wa kufanya."

Nafula, nimefukuzwa kwenye shamba la miwa na nyuki, nimezaa watoto watatu, mmoja njiani. Hakuna kilichonipiga kama hilo. Nikasema samahani. Akanitazama vile vile alivyonitazama mlangoni mwa jiko lile. Kisha akageuka akaangalia foleni nyuma yake, akaniambia, "Sema tena, kwa sauti. Wale wa nyuma hawakusikia."

Nikasema tena. Mwenye mashine akaizima ili asikie vizuri, mbwa yule. Nikasema mara ya tatu, mashine imezimwa, na sauti yangu unaijua, imesikika mpaka kwa fundi wa baiskeli. Mama Brayo alikuwa wa tano kwenye foleni, kwa hiyo ukifika Nairobi utakuta habari imekutangulia.

Usidhani nimerudi nyumbani mwepesi kama unyoya. Nimerudi na hasira. Nimekasirika kwa sababu ilikuwa rahisi vile. Dakika nne hazikufika. Kwa dakika nne nilizokataa, mwanamke mzima amebeba jina la kijinga miaka kumi, na kwenye kila chama watu wamempa kazi ya kuosha vyombo kwa sababu "hawezi kusoma". Rispa anasoma kuliko mimi. Mimi ndiye ambaye tangu siku ile siandiki chochote bila kamusi kando, na hata usiku huu nimeshafungua kurasa zake mara kumi na mbili.

Sasa, ile sentensi yako. Sitakuambia ufanye nini. Wewe ndiye uliyehesabu yale majibu kumi na moja, mimi nilikuwa napita na sufuria. Ripoti inawekwa mezani Jumatatu na jina lililo chini yake ni lako, si la Bwana Kidogo. Amehakikisha hilo, watu wa aina yake hawasahau kuhakikisha hilo. Nakuambia tu nilichokijua mimi. Ile herufi haikunitisha siku nilipoichoma. Siku ile nilijisikia mwerevu sana. Ilianza kunila baadaye, na haikuanzia kwenye aibu, ilianzia kwenye dharau: nilihitaji Rispa awe mjinga, kila siku, ili mimi niendelee kuwa sawa. Ukiilainisha ile sentensi, jichunguze baada ya mwezi uone ni nani umeanza kumdharau. Nadhani atakuwa yule mtu wa kwanza atakayelalamika kwamba alibonyeza simama na kitu hakikusimama. Utamwambia hakubonyeza vizuri. Utaamini.

Ukiiacha kama ilivyo, labda watakuheshimu. Sina hakika. Wenye viatu vyeupe sijawahi kuwaelewa. Labda watakuambia kazi imekwisha kabla hujajua choo kiko upande gani. Basi. Watakuwa wamemfukuza mtu pekee katika jengo hilo aliyekwenda mlango wa nyuma kuangalia, na mimi nitawadharau kwa miaka yote iliyobaki, kazi ambayo unajua ninaiweza, na nitaifanya bila malipo. Nitasimama kanisani niseme binti yangu alifukuzwa kwa kuhesabu vizuri. Usifikiri nitaona haya. Nitavaa kitambaa kile cha njano.

Kitu kimoja tu sitaki. Sitaki ukae huko kwenye chumba cha kukodi ukijificha kwa sababu mambo yameenda vibaya, ukitutumia ujumbe kwamba uko bize, uko bize. Hatukukulea uje nyumbani ukiwa umeshinda tu. Kaka zako nimeshawaambia, kukhu ataletwa kutoka Khwisero, na Rispa amesema atakuja ila hatapika, atakaa kwenye kiti na kuhudumiwa, nami ndiye nitakayemhudumia. Uje na kazi, uje bila kazi, uje umeiacha sentensi kama ilivyo au umeilainisha na unataka kunililia, mahali pako mezani patakuwa pametengwa. Tunakutana wote hapa Matungu siku ya pili ya Krismasi, tarehe ishirini na sita Disemba.